Kiti cha Mgonjwa

Mke wangu Siwema nilimzika masika ya mwaka juzi. Nilishuka kaburini mwenyewe kumlaza. Kwa hiyo siku niliyomsikia akisema, "Namshukuru Mungu, sijambo, nyinyi je?" ndani ya chumba chenye baridi kama bucha, ghorofa ya tatu ya hospitali yetu ya kanda hapa Reli Mbili, sikusema nimemsikia. Nilisema akili imeniruka. Watu wanadai wenye kazi kama yangu huishia hivyo kwa sababu ya hewa tunayovuta.

Kazi yangu ni kunyonya vyoo. Nina gari la majitaka, bomba refu, na viatu vya mpira ambavyo havikubali kunukia hata nivioshe kwa kitu gani. Nalisema hili mapema ili nikisema kitu kinanuka, ujue sisemi kwa mchezo.

Nilikuwa nimeitwa kama ndugu wa mgonjwa. Shemeji yangu Kidawa, mdogo wake Siwema, alikuwa wodi ya wanawake, tumbo limemvimba na kukaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Daktari aliyempokea alimbonyeza mara moja tu akasema utumbo umejisokota, akatwe leo hii, kesho ni mbali. Lakini siku hizi daktari hana neno la mwisho. Neno la mwisho ni la Baraza.

Ndugu tunakaa nyuma ya kioo, kwenye benchi. Ng'ambo ya kioo kuna viti sita vya ngozi vimepangwa duara, na hakuna mtu aliyekalia hata kimoja. Kila kiti kina spika kwenye mgongo na taa juu yake. Kando yangu alisimama Mganga Mfawidhi, Dakta Mbonea, mtu mnene mwenye harufu ya marashi, anayepokea ndugu wa wagonjwa kama anapokea wageni wa harusi.

"Karibu mzee wangu," aliniambia. "Hapa haki inatendeka mbele ya macho yako. Wote wenye sauti katika afya wamo humu. Hakuna aliyeachwa."

Mashine ya kuongoza kikao ikapiga kengele. "Baraza linaanza kwa heshima, kama mwongozo unavyotaka. Mama Mgonjwa, shikamoo. Unaendeleaje leo?"

Taa ya kiti cha mwisho ikawaka. Kikatoka kikohozi kidogo cha kusafisha koo, halafu sauti. "Marahaba. Namshukuru Mungu, sijambo. Nyinyi je, hamjambo? Poleni na kazi."

Nikashika ukingo wa benchi.

"Akatwe," kiti cha Daktari kikasema, bila hata salamu. "Nimefungua matumbo mengi kuliko nywele za kichwa chenu. Sina haja ya kuelezwa."

"Ganzi ipo," kikasema kiti cha Dawa. "Yaani ipo na haipo. Iliyopo nimeihifadhi kwa wageni wa Ijumaa."

"Akisubiri hadi kesho kutwa, wastani wa hasara unabaki palepale," kikasema cha Bima, sauti laini kama ya mtu anayesoma matokeo ya mpira wa nchi nyingine.

"Tumbo?" kikauliza cha Mfadhili. "Mwaka huu sisi tuko kwenye macho."

"Nakubaliana na wote," kikasema cha Serikali. "Isipokuwa isisemwe kwamba nimekubali."

Mashine ikarudi kwenye kile kiti cha mwisho. "Mama Mgonjwa, unaweza kusubiri hadi kesho kutwa?"

Kikohozi kile tena. "Hapana shida, wanangu. Wahudumieni wenzangu kwanza. Mimi nafuu kidogo."

Taa zote sita zikawa kijani. "Baraza limeafikiana kwa sauti moja: asubiri hadi kesho kutwa," mashine ikasema, na Dakta Mbonea akanipiga bega taratibu, kama mtu aliyeniuzia ng'ombe mzuri.

Mimi nimezamisha mikono katika mambo ambayo sitayaandika hapa, nikatoka nikala ugali wangu kwa raha. Siku ile nilitapika. Nilitapika pale pale, juu ya zulia, na kilichobaki tumboni nikakitoa kwenye kiatu cha Mganga Mfawidhi.

*

Aliyenitoa nje alikuwa mwanamke wa makamo, koti la buluu, miwani imefungwa kwa uzi. Alinipeleka bombani nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, akaniwekea maji kwenye kopo.

"Sukutua, mzee. Shikamoo. Naitwa Atupele. Mimi ndiye injinia wa Baraza."

"Marahaba. Ile sauti ni ya mke wangu."

"Wewe ndiye Mzee Kapela? Hukuambiwa?"

"Niliambiwa ule mkanda waliomfunga kichwani alipolazwa hapa ni wa kupima homa."

Akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, injinia mzima, koti na yote. Nilipoona anakaa nikajua jambo lenyewe halisemeki ukiwa umesimama.

Akaniambia ule mkanda ulikuwa unanyonya. Ndivyo nilivyoelewa mimi, maana kunyonya nakujua. Ulinyonya sauti, pumzi, mapigo ya moyo, vile mtu anavyoguna akidhani yuko peke yake, na vile anavyojibu akiulizwa. Viti vyote sita vilitengenezwa hivyo, kila kimoja kwa mtu halisi. Daktari alikuwa profesa mmoja wa upasuaji, mikono ya dhahabu, kiburi cha jogoo. Serikali alikuwa katibu mstaafu ambaye akisema neno moja mkoa mzima unasimama, ila neno lenyewe hulimeza kwa kuogopa magazeti. Bima alikuwa mtu asiyekosea hesabu na ambaye hajawahi kuona damu. Mfadhili alikuwa na mfuko usiokauka na uvumilivu wa mtoto dukani. Dawa alijua kila chupa iliyomo stoo na kila njia ya kuificha.

"Sasa nyie watu na akili zenu," nikamwambia, "mngechota nguvu zao, huo uozo mkauacha. Ilikuwa ngumu nini?"

"Tulianza hivyo, mzee. Tuliwasafisha wote. Hakuna aliyemwachia mwenzake. Daktari alitaka kukata kila mtu, Bima alitaka kuhesabu kila kitu, Serikali alitoa amri juu ya amri. Mgonjwa wa kwanza alikufa koridoni wao wakiwa bado wanabishana, na kila mmoja alikuwa na haki. Mtu asiye na udhaifu hajui kukubali. Tukaurudisha udhaifu wao ili waweze kuachiana."

"Na mwenye kuachia akawa mke wangu."

Akalivuta kopo kwake.

"Mlimchagua kwa udhaifu gani, mwanangu?"

"Tulijaribu wagonjwa wengi kwenye kile kiti," akasema, macho kwenye kopo. "Wengine walilia tu. Mmoja, mzee wa reli, alimtukana Mfadhili matusi ya nguoni. Vikao havikuwa vinaisha. Mama Siwema alikuwa na adabu. Kwake kikao kilikuwa kinaisha upesi, kila mtu anaondoka ameridhika."

"Nani aliyemchagua?"

"Waliokuwa mezani."

"Na wewe ulikuwepo mezani?"

"Nilikuwepo."

Nikatema mate pembeni. Sikumtemea yeye, ingawa alistahili nusu yake. Angalau yeye alikaa chini akasema. Wale wengine wanajua, wote wanajua. Nchi hii nzima inajua kwamba mgonjwa akiulizwa hali anasema sijambo. Mama zetu ndivyo walivyotufundisha: mtu amekuja kukuona, ameacha kazi zake, usimtie simanzi. Utasema sijambo roho ikiwa mlangoni. Basi watu wenye vyeti vya kuning'iniza ukutani wakalitazama jambo hilo, wakaliona, wakasema: linatufaa. Mimi nikikuta choo kimefurika nafungua mfuniko. Wao waliukalia, wakaweka na maua juu.

"Kinachomuuma Kidawa kule wodini," nikauliza, "Siwema anakijua vipi?"

"Mgonjwa amefungwa nyaya. Kila kinachomuuma kinafika kwenye kiti. Ndiyo kazi ya kiti."

"Kwa hiyo anaumia."

"Ishara zinafika. Kama anaumia..." Alivua miwani. "Wenzangu wanasema haumii. Mimi nasema sijui, mzee. Nimekaa naye mwaka mzima na sijui. Ila adabu yake imekaa juu ya yote kama mfuniko. Chini yake sijawahi kuona. Na mfuniko huo ukitoka, siwezi kukuahidi kwamba utarudi. Kila atakayelazwa hapa, jino, uchungu wa kuzaa, moto, atauhisi ukiwa wazi."

Kisha akanieleza haki zangu, ambazo Mganga Mfawidhi alikuwa amezisahau kwa bahati mbaya. Mosi, mume anaweza kumtoa mkewe kwenye kiti. Niseme tu mbele ya Baraza, "Namtoa," naye Atupele atazima, na Siwema atalala moja kwa moja. Kiti kitabaki kitupu na wale watano wataamua peke yao mpaka apatikane mwingine mwenye adabu. Pili, ndugu wa mgonjwa ana kauli. Leo hii, saa tisa, kabla meza ya upasuaji haijafungwa, naweza kusimama mbele ya viti na kusema ninachotaka.

"Wengi husema nini?"

"Hulia," akasema Atupele. "Na wakilia, Mgonjwa huwafariji. Huwaambia wasijali."

*

Nikaenda kumwona Kidawa. Juu ya mlango wa wodi wamepaka kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka la nyama: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Ndani, kila muuguzi anayepita anainama kidogo, "Shikamoo mama, unaendeleaje?" na kutoka kila kitanda unasikia, "Marahaba, sijambo mwanangu," na kile kitanda cha kona ambacho hakijibu tena wanavuta pazia.

Kidawa alikuwa na rangi ya majivu. Midomo imepasuka.

"Shemeji, umekuja," akasema. "Umekula lakini?"

"Nimekula. Unaendeleaje?"

"Nafuu kidogo."

Mtu anakufa, ananiuliza nimekula. Nikataka kupiga ukuta. Nikaketi kando ya kitanda, na sijui ni kitu gani kilichonijia, labda hasira tu, nikainama sikioni kwake.

"Nyinyi Wazaramo bwana. Nimesikia kuna ngoma imepotea huko kwenu, watu wanaitafuta nyumba hadi nyumba. Kumbe wewe ndiye uliyeimeza."

Macho yakafunguka. Ukingo wa mdomo ukacheza.

"Toka hapa, Mnyamwezi mbeba mizigo," akasema kwa pumzi fupi. "Umekuja kunibeba na mimi? Bure kabisa wewe. Tangu alfajiri utumbo unakamuliwa kama mtu anakamua shuka. Natapika maji ya kijani. Sijapitisha hata hewa. Nakufa hapa, shemeji, halafu wewe unachekea nini na hayo meno?"

"Mbona umeniambia nafuu?"

"Ulinisalimia kama mchungaji. Ningekujibu nini?"

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu na misafara yao. Mtani atakuambia neno ambalo ndugu yako hathubutu. Msibani anaweza kulala kwenye jeneza akataka alipwe ndipo atoke, na hakuna wa kukasirika. Mtu wa heshima unamjibu sijambo. Mtani huwezi kumjibu hivyo, maana ukimjibu kwa adabu umeshindwa. Siwema na mimi tuliishi hivyo tangu siku ya posa. Ndani ya nyumba yetu sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina bila kuongeza tusi.

Na siku ya kwanza walipomlaza Siwema, kwenye wodi hii hii, nilimtania. Nilimwambia ameugua ili akwepe kupika. Akacheka, akaniita mla karanga, halafu uso ukabadilika, akaanza, "Kapela, lakini huku chini..." Ndipo sista mkuu alipoingia. "Mzee! Hapa hatutukani wagonjwa. Hapa tunaheshimu utu." Mlinzi akanishika mkono mbele ya watu. Nikawekewa marufuku ya kuingia wodini mpaka nijifunze ustaarabu. Kuanzia hapo, wote waliopita kitandani pake walimsalimia kwa heshima, naye akawajibu kwa heshima, sijambo, sijambo, mpaka Ijumaa alipokata roho. Na kile alichotaka kuniambia kuhusu huku chini alikwenda nacho.

Mpaka leo nikimwona sista yule sokoni nabadili njia. Simwogopi. Naogopa nitakachomfanya.

"Kidawa," nikasema. "Usife kabla ya saa tisa."

"Na wewe uoge kabla ya saa tisa," akasema, akafumba macho.

*

Dakta Mbonea alinisubiri mlangoni mwa Baraza, kiatu kimeshapanguswa.

"Mzee wangu, nimeelezwa. Tumehuzunika sana. Hospitali inafikiria kuweka jina la mama kwenye bango, pale mapokezi, kwa heshima. Unaonaje? Na picha yake."

"Picha yake mngeipata wapi?"

"Utatupatia wewe."

Mtu akikuibia mbuzi halafu akarudi kukuomba kamba, unamfanyaje? Nikampita.

Atupele alinifungulia mlango wa kioo. Ndani ya duara baridi ilinikaba miguu. Nilisimama mbele ya kiti cha mwisho. Ngozi yake ilikuwa mpya, haina hata alama ya mtu kukaa. Nikafikiri: neno moja tu. Namtoa. Atalala kama wafu wengine walivyolala, haki yake, amechoka, amewafariji watu mwaka mzima bila hata kikombe cha chai. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nililionja. Lilikuwa tamu.

Halafu nikafikiria kile kitanda cha kona na pazia lake. Nikafikiria Kidawa na maji ya kijani.

Kengele ikalia. "Baraza linapokea kauli ya ndugu. Mama Mgonjwa, shikamoo. Unaendeleaje?"

Kikohozi kidogo. "Marahaba. Namshukuru Mungu, sijambo. Poleni na—"

"Sijambo nini, Mzaramo wewe?" nikapaza sauti. "Hata kufa hujui! Mimi nimekununulia sanda nzuri, nimelisha watu msibani siku tatu, kumbe uko huku ghorofani umejikalia kwenye kiti cha ngozi!"

Nyuma ya kioo Dakta Mbonea alikuwa anapunga mikono kama mtu anayezama.

"Nani huyu?" kikauliza kiti cha Daktari.

"Lugha haikubaliki katika Baraza," mashine ikasema. "Ndugu, tafadhali..."

Kutoka kiti cha mwisho kikaja kicheko. Nilikisahau kicheko kile. Kinaanzia puani.

"Mnyamwezi," akasema Siwema. "Sauti kama punda aliyenyimwa pumba. Nani kakuruhusu kuingia na viatu hivyo vya mavi?"

Nikakaza sauti. "Wenyeji wako wananiambia huumwi. Wanasema umekimbia kupika tu."

"Siumwi? Mimi siumwi?" Sauti ikapanda. Taa juu ya kiti ikaanza kupepesa, njano, kijani, njano. "Kapela, we mjinga, huku chini... huku chini panawaka moto! Panasokotwa, panakatwa, halafu panasokotwa tena. Yuko mtu hapa tumboni na kisu butu. Toka alfajiri. Na jana alikuwa mtoto anayeumwa masikio, na juzi yule mama aliyezaa akapasuka, na wote nimewaambia hawa watu kwamba nafuu, nafuu, nafuu! Nani alinifundisha neno hili?"

Taa ikawa nyekundu, na haikutoka tena hapo.

Nilitaka kumwomba msamaha. Sikumwomba, kwa sababu ningemsemesha kwa adabu na yeye angenijibu kwa adabu.

"Basi usinipigie mimi kelele," nikamwambia huku machozi yananichuruzika shingoni. "Mimi mnyonya vyoo. Waambie hao uliokaa nao."

"Nitawaambia!" Akawageukia. Kiti hakina shingo, lakini nakuapia, aligeuka. "Wewe Daktari. Mikono yako haina mfano, mdomo wako ndio ugonjwa. Ulijua asubuhi akatwe, ukasema mara moja ukanuna. Nani kakuambia mgonjwa anaponywa kwa kununa? Wewe Dawa, unajua kila chupa ilipo. Hiyo ganzi ya wageni wa Ijumaa, wageni wameshaumwa? Itoe. Bima, hesabu zako safi, sijawahi kukukuta umekosea, ila mbona mimi sijawahi kuwemo ndani yake? Nihesabu na mimi. Mfadhili, baba, mfuko mzito, macho mafupi. Leo hatuko kwenye macho, leo tuko kwenye utumbo, hama! Na wewe, Serikali. Wewe ukisema neno moja milango inafunguka nchi nzima. Nimekaa na wewe mwaka mzima sijalisikia. Lina ladha gani mpaka unalimeza peke yako?"

Nilisikia viti vikivuma. Sijui ndivyo vinavyofikiri.

"Nilisema akatwe," Daktari akasema, chini kidogo. "Nasema tena. Sasa hivi. Na sitaondoka hapa."

"Ganzi ipo," kikasema cha Dawa. "Ipo."

"Hasara inabadilika," kikasema cha Bima, kama mtu aliyeshtuka. "Sikuwa na tarakimu hii."

"Isipigwe picha," kikasema cha Mfadhili. "Lakini sawa."

Cha Serikali kikaanza neno mara mbili, kikalimeza.

"Afunguliwe mlango," kikasema mwishoni. "Na iandikwe kwamba nimesema."

*

Walimpitisha Kidawa koridoni kwa mbio, magurudumu ya kitanda yakipiga kelele. Alininyooshea kidole, hakuwa na nguvu ya kusema, ila nilijua ni tusi.

Alipona. Utumbo walikata kipande kirefu kama mkono. Sasa ni mtu wa kunipikia uji na kunisema.

Lakini jioni ile ile, kabla sijatoka, Dakta Mbonea alikuja akinitabasamia kwa meno yote. Nyuma yake walikuwepo wengine wawili wenye suti ambao hawakujitambulisha.

"Mzee Kapela. Tumelitafakari suala lako kwa kina. Una haki kabisa ya kumtoa mama. Kwa kweli amefanya kazi kubwa, anastahili kupumzika. Unasema neno moja tu, mambo yanaisha."

Asubuhi haki hiyo hakuijua. Sasa alikuwa ananiletea kwenye sahani. Nikanusa marashi yake, nikatazama kiatu chake na wale wenye suti wakitazama saa.

"Ngoja nimuulize mwenyewe," nikasema.

Atupele alinifungulia. Taa ilikuwa nyekundu bado. Siwema alikuwa anaguna, ile miguno ya chini aliyokuwa akiguna usiku akidhani nimelala.

"Mzaramo," nikasema.

"Kidawa?"

"Wanamkata."

"Aa. Ndiyo maana pametulia huku chini. Sasa ni mguu. Nani huyu mwenye mguu? Umeungua, mafuta ya moto... Ee Mungu wangu, Kapela."

"Wanataka nikutoe. Ukitaka nakutoa. Sasa hivi."

Nilisubiri, mkono juu ya ile ngozi baridi, kama nilivyosubiri siku ya posa na shangazi zake wananitukana uani.

"Na hiki kiti watamkalisha nani?" akauliza.

"Mwenye adabu."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati kwa sababu ya mguu wa mtu. "Nenda kanyonye vyoo vyako. Kesho uje kunitukana. Nikikaa na hawa bila wewe, nitaanza tena kuwaambia sijambo. Najijua."

Hivyo ndivyo ninavyoishi. Atupele anasema adabu inarudi yenyewe kila usiku, kama utando juu ya maji yaliyosimama, na kila siku lazima ivunjwe upya. Ningeacha, angepumzika. Nalijua hilo, na bado napanda ngazi. Naegesha gari la majitaka chini ya dirisha la Mganga Mfawidhi, upepo ukielekea kwake, nakwenda kumwamsha mke wangu kwenye maumivu ya watu nisiowajua. Wenye suti wamewaandikia wakubwa wao kwamba Baraza limekuwa na kelele. Walinzi wamebadilishwa mara mbili ili nisiingie. Siku zote Atupele anaacha mlango wa nyuma wazi.

Jana foleni ya reli ilinichelewesha. Nilipofika ghorofa ya tatu kengele ilikuwa imeshalia, na kupitia mlango nikasikia kile kikohozi kidogo.

"Marahaba. Namshukuru Mungu, si..."

"Mzaramo!" nikapiga kelele koridoni, wauguzi wakageuka, trei ikaanguka.

Nikasimama, kifua kinauma kwa zile ngazi.

"Umechelewa, punda wewe," sauti ikasema. "Ingia haraka. Kuna mtoto hapa hawezi kupumua."